Kicheko cha Kilomita ya Saba

Vijana wanaopita hapa kwangu Murukulazo asubuhi, wakikimbia na viatu vyenye soli nene kama mkate, husimama kunisalimia kwa sababu wamesikia kwamba nilikuwa mwalimu wa michezo. Wananiamkia, naitikia marahaba, kisha wanauliza maswali mawili. La kwanza, kama ni kweli wanafunzi wangu walikimbia pekupeku. La pili huliuliza kwa sauti ya chini, kama watu wanaoulizia ugonjwa wa aibu: kama ni kweli kwamba mtu akikimbia sana hufika mahali akalewa bila kunywa kitu. Nimechoka kujibu nikiwa na jembe mkononi, na maharage hayajipalilii. Kwa hiyo nayaandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwambia akasome.

Kwanza niondoe uongo mmoja. Sikuwahi kuwa mkimbiaji. Nilisomea kufundisha Jiografia na Kiswahili. Michezo nilipewa kwa sababu nilichelewa kikao. Ilikuwa sekondari ya kata huko Biharamulo, upande wa msituni, nami ndiyo kwanza nimehamishiwa kutoka Ngara. Siku ya kugawana majukumu gari nililopanda liliharibikia njiani. Nilipoingia ofisini, taaluma ilikuwa imechukuliwa, nidhamu imechukuliwa, hata bustani ya mchicha ilikuwa na mwenyewe. Mkuu wa Shule akanitazama juu ya miwani, akasema imebaki michezo. Nikauliza michezo gani. Akasema yote. Nikaifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa.

Miaka ya mwanzo nilifundisha mbio kama nilivyofundisha mito ya Afrika. Nilichora njia ubaoni, nikaweka mishale, nikawaambia wanafunzi waifuate, kisha nikakaa kivulini na saa ya mkononi. Wakirudi nasoma dakika. Aliyechelewa namwambia aongeze bidii. Mafunzo yalikuwa hayo tu. Msinicheke. Wapo walimu wa leo wanaofanya hivyo hivyo, ila wao kivulini wana simu.

Aliyeanza kunifundisha kazi yangu alikuwa mpishi wa shule. Jina lake la ubatizo lilikuwa Felista, lakini mwenyewe alijiita Ferista, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha mtu anayegawa ugali. Mama Ferista alikuwa Mhangaza mwenzangu, mzaliwa wa Kirushya, na ujana wake wote aliumaliza akibeba ndizi kichwani kwenda kuziuza Kabanga, mpakani, akipanda na kushuka vilima bila kiatu. Miguu ya watu aliijua kama fundi baiskeli anavyojua magurudumu.

Kuna mwaka mfadhili mmoja alituletea katoni ya viatu vya mitumba vya kukimbilia. Nikawapanga wanafunzi mstari, nikamvisha kila mmoja kilichomkaribia. Wengi wao walikuwa watoto wa wafugaji na wakulima, wamekimbia tangu walipojua kusimama, na hawakuwahi kukimbia na kitu mguuni. Walikwenda kama watu wanaovuka mto wasioujua kina. Visigino vilitangulia, pu, pu, pu, nikawasikia kabla hawajatokeza kwenye kona. Mama Ferista alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza.

"Mwarimu," akasema, "umewavisha magodoro. Miguu imelala."

Nikawavua wote. Hapo nikafanya kosa la pili, maana wote ni wote, pamoja na Hamisi. Hamisi alikuwa mtoto wa muuza vitambaa wa Biharamulo mjini, familia iliyotoka pwani tangu enzi za babu yao, na nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Alikimbia kilomita nne kwenye changarawe kwa utii mkubwa. Kesho yake hakuweza kwenda chooni bila kushikwa mkono. Baba yake akaja shuleni na kanzu yake, akaniuliza hali yangu, hali ya nyumbani na hali ya mvua, kisha akaanza kusema kwamba amekuja kwa jambo dogo ambalo pengine ni yeye tu hakulielewa vyema. Mimi Kiswahili nilikipata shuleni, juu ya Kihangaza changu, na nilikuwa nakifundisha kwa mshahara. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba niliomba radhi kabla hajafika kwenye kosa.

Kwa makosa hayo mawili nilijifunza yale mnayonisimamishia jembe kuniuliza. Aliyezoea viatu asivivue kwa siku moja. Aanze kwa kutembea, dakika kumi tu, kwenye barabara ya udongo baada ya mvua ndogo, udongo ukiwa umeshikana. Akae hivyo wiki mbili au tatu, hata kama anaona haya. Akianza kukimbia, afupishe hatua. Mguu utue chini ya mwili, wala usirushwe mbele kama anapiga penalti. Mama Ferista alisema mguu mzuri hausikiki; ukisikia unapiga kelele, jua unakupiga wewe. Macho yatangulie hatua tano sita, kwa sababu mwiba ukiuona chini ya kidole umeshaukanyaga. Lami ya saa saba mchana muiachie magari. Na jioni nyayo zikaguliwe, kwa kuwa kwetu funza haulizi kama wewe ni mwanamichezo. Mama Ferista aliwakagua wanafunzi wangu kila Ijumaa nyuma ya jiko, kwa pini iliyopitishwa motoni, sabuni, na maneno makali kuliko pini.

Mnisamehe, swali la kwanza limekula nafasi. La pili nitalijibu kwa habari ya Minza.

Minza alikuwa kidato cha pili. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, na kwao palikuwa kilomita tisa kutoka shuleni. Kila asubuhi Minza alizikimbia kilomita hizo pekupeku, viatu vyeusi vya shule vikiwa kwenye mfuko pamoja na madaftari. Akifika getini ananawa miguu, anavivaa, kwa sababu kanuni ya shule ilitaka viatu vyeusi. Jioni anavivua pale pale getini, anarudi kwao. Viatu vile vilikaa miaka viking'aa kama vya dukani. Mimi nilikuwa nikimpa mazoezi ya kilomita tano nikiamini namwongezea kitu.

Alikuwa binti mpole, wa maneno machache. Alikimbia bila kusikika, hata wenzake walilalamika kwamba anawapita kama kivuli. Zilipotangazwa mbio za barabarani za wilaya mbili, yetu na Ngara, kilomita kumi na mbili, nikarefusha njia ya mazoezi. Ilitoka shuleni, ikapita pembeni mwa soko, ikateremka mpaka daraja la mbao, kilomita saba, kisha kurudi. Ndipo maneno yalipoanza.

Wenzake walisema Minza akikaribia daraja hutabasamu peke yake. Baadaye huimba kidogo kwa Kisukuma, pumzi zikimruhusu. Kisha hucheka. Si kicheko cha kumcheka mtu, walisema. Anacheka chinichini tu, machozi yanamtoka, na miguu haisimami. Wa kwanza walisema ana jini. Wa pili wakasema bangi, na hao ndio waliosikilizwa, kwa sababu muhula uliopita wavulana wawili walikuwa wamekamatwa nayo nyuma ya bweni. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi karibu na daraja akaja mwenyewe mpaka shuleni kusema kwamba msichana wetu anapita pale akicheka na hewa.

Mkuu wa Shule alikuwa mtu wa ripoti. Kitu kisichoandikwa, kwake hakikutokea. Aliupekua mfuko wa Minza mbele yangu, akakuta madaftari, viatu vyeusi, na kopo dogo. Akalifungua, akanusa, akaandika: "Kopo moja. Ndani, mafuta. Harufu, ya ng'ombe. Matumizi, hayajulikani." Minza akamwambia ni samli ya kupaka visigino visipasuke. Akaandika: "Mwanafunzi anadai ni ya visigino." Kisha akamuuliza kwa nini anacheka. Minza akasema hajui. Na hilo akaliandika, nalo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli.

Suala likapelekwa kwenye bodi ya shule. Ikionekana anavuta, atafukuzwa. Nilikasirika, na nikiri kwamba hasira kubwa ilikuwa kwa sababu nimeyasikia ofisini badala ya kwake. Nikamwita nyuma ya darasa, nikamwambia aniambie kama anavyomwambia mama yake.

"Nikikaribia daraja, kuna kitu kinafunguka," akasema. "Sichoki tena. Naona miti, naona vumbi, naona ng'ombe wa watu, na vyote vinakuwa kama vya kwetu. Basi nacheka. Nikisimama, kinakwisha."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Sikujua chochote.

Siku mbili kabla ya kikao, Mzee Masanja alikuja nyumbani kwangu na baiskeli. Nilidhani amekuja kugomba. Hakuzungumzia bangi kabisa. Binti yake alimjua. Alitaka nimweleze kile kicheko. Kinaanza taratibu au ghafla? Akicheka anawatambua watu? Anaitika akiitwa? Nikamuuliza kwa nini anauliza hivyo. Akasimamisha baiskeli vizuri, akaongea akilitazama gurudumu.

Alikuwa na dada yake mdogo, Kabula, anayeishi kwake. Miaka ya nyuma Kabula alianza kucheka peke yake akitwanga. Mwanzoni watu wa nyumbani walicheka naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa furaha tangu utotoni. Kisha kicheko kikawa hakimsikii anayemwita. Baadaye kikakoma, na kila kitu kikakoma nacho. Walimpeleka kwa waganga, wakampeleka hospitali, na dawa za hospitali zilimtuliza. Lakini ulikuwa mwaka wa sita Kabula hajavuka ua wa nyumba. Alikaa ndani, mlango ukiwa wazi.

"Ilianza kwa kicheko, Mwalimu," akasema. "Na kilikuwa kicheko kizuri hivi hivi."

Alitaka Minza aache mbio, akae karibu na nyumbani ambako atamwona. Nilimkaribisha chai, akasema ng'ombe wanamsubiri, akaondoka.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa bwana misitu mstaafu, mzee asiye na haraka. Mkuu wa Shule alisoma ripoti yake yote, na kopo likiwemo. Masanja alikaa nyuma, karibu na mlango. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema kwa ufasaha kwamba hilo ni jambo linalofahamika kwa wakimbiaji, kwamba mwili ukisukumwa kwa muda hujipa raha wenyewe, na kwamba nilipata kulisoma mahali. Nilizungumza vizuri. Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe, Mwalimu," akauliza, "ukikimbia unacheka?"

"Sijawahi kukimbia, Mwenyekiti."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kufundisha mbio."

Mkuu wa Shule akaandika. Mwenyekiti akauliza ni miaka mingapi, nikasema kumi na mmoja, na hiyo nayo ikaandikwa. Akavua miwani, akaifuta, akasema bodi haiwezi kuhukumu jambo ambalo hata mwalimu wake analijua kwa kusoma tu. Minza aendelee na shule. Asikimbie peke yake. Mwalimu akimbie naye, njia ile ile, namna ile ile, na mwisho wa muhula aje kusema alichokiona. Masanja akasimama pale mlangoni, akasema naye atafuata kwa baiskeli. Asiporidhika, binti atarudi nyumbani hata bodi iseme nini. Hakuna aliyebisha.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na nilikuwa nimevaa viatu vya kufunika vidole tangu chuo cha ualimu. Mama Ferista aliniketisha kwenye kinu nyuma ya jiko, akainua mguu wangu mmoja, akaugeuza, akauweka chini taratibu. Akasema ni miguu ya ofisini. Kwa wiki mbili alinitembeza pekupeku kuzunguka jiko, nje ya saa za kazi, wanafunzi wakichungulia. Wiki ya tatu akaniruhusu niende mpaka sokoni mbiombio, kitenge nimekifunga juu ya suruali ya michezo.

Kwetu mwanamke wa umri wangu hakimbii bure. Nilipotokea sokoni, muuza nyanya mmoja aliinuka akaniuliza, "Mwalimu, nani amefariki?" Nikamwambia hakuna. Hakuniamini. Alinifuata hatua kama hamsini, ndala mkononi, akinisihi nisimfiche, kwa kuwa naye alikuwa na mgonjwa hospitali. Ilibidi nisimame nimweleze habari za bodi. Alisikiliza, akatazama miguu yangu, akarudi kwenye nyanya zake. Kuanzia siku hiyo soko zima lilinipa njia.

Tulikuwa watu watatu. Minza mbele, akijizuia asiniache. Mimi katikati. Masanja nyuma na baiskeli yake, akiendesha polepole hata ikawa inayumba. Nilipata kila maumivu ambayo wanafunzi wakiyalalamikia niliwaambia waongeze bidii. Kichomi. Ukucha mweusi. Paja lililogoma kupanda ngazi ya ofisi ya walimu. Nilijifunza kwamba kilomita ya tatu ni mwongo, inakuambia umekufa na bado hujaanza. Nilipowakumbuka watoto wa miaka ile kumi na mmoja, waliokuwa wakirudi kwangu kivulini wakihema na mimi nikiwasomea dakika, niliona aibu ambayo sikuweza kumpelekea mtu.

Lakini ile raha sikuiona. Wiki ya sita, ya saba, ya nane, tunafika darajani, Minza anacheka kicheko chake cha chini, na mimi natafuta mahali pa kushika kiuno. Siku moja nikamwambia nadhani sina. Labda ni ya watu fulani tu. Akanijibu kwa adabu.

"Unaitafuta, Mwalimu. Ukiitafuta haiji."

Ilikuja wiki ya tisa, siku ya Alhamisi, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikaacha. Nilikuwa nikihesabu kichwani madaftari niliyokuwa sijasahihisha. Tulipita soko, tukateremka, na mahali fulani nikagundua kwamba nimeacha kuhesabu na sikumbuki niliachia wapi. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka bila kuniomba msaada. Udongo ulikuwa wa baridi, na kila mguu ulipotua niliusikia mpaka kwenye mfupa wa mgongo, lakini hapakuwa na maumivu, palikuwa na habari tu: hapa pana jiwe dogo, hapa pana majani, hapa pana maji. Nikaona mbuzi watatu wamelala kando ya njia, nikawapenda. Nikampenda mama wa mahindi aliyetusemea shuleni. Kisha nikampenda Mkuu wa Shule. Nataka muelewe uzito wa jambo hilo.

Nikasikia mtu anacheka kwa sauti nene, nikageuka kumtafuta. Nilikuwa mimi.

Minza alinitazama mara moja, akarudisha uso mbele, akacheka na yeye. Tukaenda hivyo mpaka darajani na kulivuka kidogo, wanawake wawili pekupeku, mmoja mtu mzima wa miaka arobaini na sita, machozi yanatutoka. Nyuma yetu baiskeli ilikuwa imesimama. Masanja alikuwa ameshuka, ameishika kwa mikono miwili, anatutazama.

Tuliposimama, kile kitu kikaondoka taratibu, kama alivyosema Minza. Nikabaki na kiu na magoti yangu. Masanja akakokota baiskeli mpaka tulipo. Aliniuliza jina langu nani. Nikamwambia. Akauliza yeye ni nani, na leo ni siku gani. Nikamjibu yote. Akamgeukia binti yake akamuuliza hayo hayo, na Minza akajibu, kisha akaongeza kwa heshima kwamba tairi la nyuma lina upepo mdogo. Masanja akalibonyeza. Lilikuwa hivyo.

Kwenye kikao cha pili nilisema niliyoyaona, bila ufasaha. Mwenyekiti akauliza kama nilivuta au kunywa chochote. Nikasema uji wa Mama Ferista. Mkuu wa Shule akakumbusha bodi kwamba shahidi ndiye mwalimu wa mtuhumiwa, kwa hiyo ana upande, na alikuwa na haki. Ndipo Masanja akasimama nyuma ya chumba. Hakuwa mtu wa kuzungumza mbele za watu, na Kiswahili kilikuwa kinamchelewa. Alieleza habari za dada yake mbele ya watu ambao hawakuwa wakizijua. Nilijua kilichomgharimu.

"Dada yangu alicheka akiwa amekaa," akasema. "Ukimwita, haji. Hawa wanacheka wakikimbia, na wakisimama, wamesimama. Nimewauliza majina, wanayo. Kicheko hiki si kile."

Akakaa. Mwenyekiti hakuwa na swali tena. Minza akaachiwa, mbio na shule. Mkuu wa Shule akafunga ripoti yake kwa sentensi moja: "Chanzo cha kicheko: kilomita." Baada ya kikao alinivuta pembeni akaniuliza ni ngapi hasa. Nikamwambia kwangu zilikuwa saba, lakini inategemea mtu, na avue viatu taratibu. Akaandika.

Mtataka kujua mbio zenyewe. Zilifanyika Ngara, kwenye barabara ya kwenda Kabanga, na waandaaji walichelewa kuanza mpaka jua likapanda. Minza aliongoza kilomita tisa. Kisha lami ikawa kama kikaango, akahamia kwenye majani ya pembeni, na wasichana wawili wenye viatu wakampita. Alimaliza wa tatu, anacheka. Mwenye saa akaniuliza kama yule mtoto yuko sawa. Nikamwambia ni wa tatu. Siku hizi Minza ni afisa mifugo, wilaya nyingine, na bado anakimbia: kwenye lami na viatu, kwenye udongo bila. Nami namkubalia. Anayewaambia kwamba pekupeku ni dini, muulizeni kama aliwahi kukanyaga lami ya Ngara saa saba.

Basi hilo ndilo jibu la swali la pili. Ni kweli. Haiko kwa kila mtu kila siku, haitibu deni wala ndoa, na ukiisubiri barabarani haitakupitia. Ningeishia hapa, lakini kuna jambo ambalo sijawahi kumsimulia kijana yeyote aliyenisimamisha, na naona nisipoliandika litapotea nami.

Likizo ilipoanza, tuliendelea kukimbia asubuhi, mimi na Minza, kwa kuwa sasa nilikuwa siwezi kuacha. Asubuhi moja Masanja alitokea na baiskeli, na kwenye keria amekaa mwanamke mwembamba, amejifunika kitenge mpaka puani, miguuni ana katambuga, zile ndala za matairi. Hakuwa ameniambia kitu. Akaniamkia, akasema kama mtu anayeomba maji ya kunywa, "Nimemleta. Hatakimbia. Atembee tu nanyi."

Alikuwa Kabula. Minza akapiga magoti, akamsalimia shangazi yake, akamvua katambuga moja baada ya nyingine. Tukatembea. Hakumtazama yeyote kati yetu. Tulifika kwenye mti wa kwanza baada ya geti, kama hatua mia mbili, akasimama. Alitazama udongo uliolowa ukipanda katikati ya vidole vyake, akavichezesha kidogo. Hakucheka. Tukarudi, kaka yake akampandisha, wakaondoka. Kesho yake walikuja tena, na keshokutwa. Dawa zake hakuacha, nami nawaambia kabisa, mtu asimwachishe mgonjwa dawa kwa sababu ya hadithi yangu. Hatua mia mbili zikawa mia nne. Wiki ya tatu tulifika sokoni, na yule muuza nyanya akampa Kabula nyanya moja bila kumuuliza nani amefariki.

Kisha siku moja Masanja alitokea kwenye kona akiikokota baiskeli, keria ikiwa tupu. Nikamuuliza yuko wapi.

Akanyoosha mkono nyuma yake. Mbali, barabarani, Kabula alikuwa anakuja kwa miguu yake, polepole, katikati ya njia, katambuga mkononi.

"Nilimbeba mpaka kwenye mto tunaouvuka tukija," akasema Masanja. "Pale akashuka. Amekataa kupanda tena."

Kisha akainama kukaza nati ya gurudumu la mbele, nayo haikuwa imelegea, na hakuinuka mpaka dada yake alipofika.